Pepa moja kwenye majarida mawili, na jina la bosi juu: jibu kwa dada wa Arua

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Arua, hapa Uganda, amemaliza digrii ya pili ya afya ya jamii. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Utafiti wangu ulikuwa kuhusu madereva wa boda hapa Arua na kuvaa helmeti, nilihoji watu kwenye steji mbalimbali. Sasa nimeandika pepa. Supavaiza anasema jina lake litangulie na tumuongeze mkuu wa idara, ambaye hajaona hata ukurasa mmoja. Niliituma kwenye jarida moja, nikaona wanachelewa, nikaituma na kwa lingine lililoniandikia imeli lenyewe. Hilo la pili limejibu baada ya siku nne kwamba imekubaliwa, nilipe dola 250. Kiingereza nilinyooshewa na ChatGPT. Je hapo kuna kosa? Na kama lipo ni la nani, langu, la supavaiza au la majarida?"

Marahaba dada, na hongera kwa kumaliza. Nimekaa kwenye kazi ya uhariri wa jarida la kitaaluma hapa Kampala miaka mingi, na swali kama lako huwa linanifikia pepa ikishatoka, wakati ambapo kurekebisha ni shida tupu, kwa iyo nashukuru umeuliza mapema. Nianze na la haraka. Mambo ya majina yanaweza kusubiri wiki, hili la majarida mawili lisisubiri hata kesho.

Usilipe hiyo dola 250. Ni karibu shilingi milioni moja yetu na hujui unanunua nini.

Alafu kosa la kwanza ni lako, nakwambia wazi kwa sababu umeuliza wazi. Pepa inatumwa jarida moja kwa wakati mmoja, na karibu kila jarida linakuwekea kiboksi cha kutiki kwamba pepa hii haiko kwingine, sasa wewe ulipotuma mara ya pili ile tiki ya kwanza ikawa si kweli tena. Watu wanadhani hii sheria ni ubinafsi wa wahariri, hapana. Wanaopitia pepa, yaani wataalamu wanaoisoma na kuikosoa kabla haijakubaliwa, kwa kawaida hawalipwi, ni mtu anatoka kufundisha Gulu au Mbarara anakaa usiku na pepa yako, ukiwapa watu wa majarida mawili kazi hiyo hiyo umekula muda wa watu wasiojuana. Na likitokea majarida yote mawili yakachapisha, ubaya unaenda mbali zaidi. Kuna watu kazi yao ni kukusanya tafiti zote za helmeti na kuzijumlisha wapate picha moja, wakikuta pepa zako mbili wanaweza kuwahesabu madereva wa Arua mara mbili, madereva mia tatu wakageuka mia sita kwenye hesabu ambayo mtu wa wizara ataitumia kupanga hela za usalama barabarani. Ndo maana tunalichukulia kwa uzito.

(Kama tasnifu yako iko kwenye maktaba ya mtandao ya chuo, hiyo usiogope. Majarida mengi hayaihesabu kama imeshachapishwa, sema tu kwenye barua yako kwamba pepa imetokana na tasnifu.)

Sasa utabaki na jarida lipi? Fungua tena ile barua ya siku nne uisome polepole. Nimeziona nyingi na karibu zote zina sura moja: salamu ndefu ya kukusifu, "mtafiti mashuhuri", alafu maoni ya wapitiaji mistari miwili, mmoja anasema mada ni nzuri mwingine anasema rekebisha sarufi, chini namba ya akaunti na maneno ya kukuharakisha. Mtu aliyeisoma kweli pepa ya boda na helmeti angekubana na swali moja tu la kwanza: ulijuaje kwamba dereva anavaa, ulisimama barabarani ukamuona au ulimuuliza? Maana dereva ukimuuliza anakwambia navaa kila siku, wakati helmeti yenyewe imening'inia kwenye usukani. Angekuuliza ulizichagua vipi steji, na waliokataa kuhojiwa walikuwa wangapi. Kama hakuna swali hata moja la aina hiyo, hakuna aliyeisoma, na hapo siyo kwamba pepa yako imekubaliwa, wanataka hela yako tu.

Hii biashara ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi, John Bohannon, alitunga pepa ya uongo kuhusu dawa ya kansa, aliijaza makosa ambayo mpitiaji makini angeyaona bila shida, akaituma kwenye majarida 304 na 157 yakaikubali. Na mimi kinachoniuma kwenye kisa kile ni kwamba waandishi aliowabuni aliwapa vyuo vya Afrika visivyokuwepo, na yale majarida hayakuhangaika hata kuangalia kama chuo kipo. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliamuru kampuni ya OMICS ya India na wenzake walipe zaidi ya dola milioni 50, kesi ilikuwa ni kudanganya watafiti kuhusu mapitio, wahariri na ada. Kwa iyo usijilaumu sana kwamba ulikaribia kunasa, wameshanasa maprofesa.

Jinsi ya kulichunguza jarida: chukua majina mawili ya bodi yao ya wahariri uyatafute kwenye websaiti za vyuo vyao, uwaandikie uwaulize kama wanalijua hilo jarida. Wengine watakujibu kwamba hawajawahi kulisikia. Angalia kama liko DOAJ, ile orodha ya majarida ya wazi, yanayosomwa bure mtandaoni, iliyoanza Sweden 2003, au AJOL kwa majarida ya Afrika, ambao wanayapima majarida na kuyapa daraja. Wakidai ni wanachama wa COPE, usiamini nembo kwenye websaiti yao maana nembo inakopiwa, nenda kwenye websaiti ya COPE yenyewe utafute jina. COPE ni kamati ya maadili ya uchapishaji, ilianza Uingereza 1997, na miongozo yao ndiyo wahariri tunashika tukikwama. Lakini ada peke yake si dalili ya wizi, yako majarida safi yanayotoza pesa nyingi kuliko hiyo 250. Tena Uganda iko kwenye kundi la nchi ambazo wachapishaji wengi wakubwa wanazisamehe ada yote, ila lazima uulize, na uulize kabla ya kutuma, ukishakubaliwa ndo unaomba msamaha wengine wanakataa.

Ukishajiridhisha kwamba la pili ni bovu, andika leo. Fupi tu, kwa Kiingereza, maana yake iwe hivi: "Naondoa pepa yangu yenye kichwa hiki na namba hii kuanzia tarehe ya leo. Sijasaini fomu ya hakimiliki, sijalipa, na siruhusu ichapishwe. Naomba mthibitishe kwa maandishi." Usianze kuwatukana wala kueleza sababu ndefu. Tuma imeli, nakala kwa waandishi wenzako wote, na ihifadhi. Jarida la kwanza liache liendelee, kama nalo umelichunguza ukaona ni zima. Kuchelewa si kosa, miezi mitatu minne ni kawaida kabisa, kupata wapitiaji ni kazi ngumu, ila una haki ya kuandika kuuliza pepa imefikia wapi na mhariri ana wajibu wa kukujibu.

Haya, majina. Hapa ndo kwenye moyo wa swali lako naona.

Kipimo kinachotumika sana, hasa kwenye afya, ni kile cha kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE. Wanataka mambo manne kwa pamoja: mtu awe amechangia kwa maana kwenye kuubuni utafiti, au kukusanya data, au kuichambua, awe ameandika au ameipitia pepa kwa kina, awe ameridhia ile nakala ya mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Yote manne, si moja. Kutafuta pesa peke yake hakutoshi, kuongoza idara hakutoshi, kutoa barua ya kukufungulia mlango kwa mwenyekiti wa steji hakutoshi. Huyo unamshukuru kwenye sehemu ya shukrani, na kwenye shukrani pia unamuomba ruhusa kwanza.

Supavaiza wako sasa. Kama alikaa na wewe kwenye hojaji, akakurudishia sura ya tatu imejaa wino mwekundu, na ameisoma pepa hii, basi ni mwandishi halali na kumtoa lingekuwa kosa lako. Swali ni nafasi. Desturi ya vyuo vingi ni kwamba pepa iliyotoka kwenye tasnifu ya mwanafunzi, mwanafunzi anatangulia, na supavaiza mara nyingi anakaa mwisho, nafasi ambayo kwenye fani ya afya ina heshima yake na watu wanaisoma hivyo. Angalia kitabu cha sheria cha chuo chako, vingi vimeliandika hili.

Mkuu wa idara hapana. Najua kwa nini inatokea, wahadhiri wanahitaji pepa za kupandishwa cheo na mwanafunzi anajua akikataa leo kesho atahitaji barua ya mapendekezo, kwa iyo jina linaongezwa kama mtu anavyoongeza kiti kwa mgeni. Lakini angalia kilichotokea 2020. Tarehe 22 Mei jarida la The Lancet lilichapisha pepa kubwa kuhusu dawa ya hydroxychloroquine kwa wagonjwa wa korona, ikidai kutumia data ya wagonjwa elfu tisini na zaidi kutoka hospitali za mabara sita, data yote ikiwa mikononi mwa kampuni ndogo moja inaitwa Surgisphere. Ndani ya siku chache Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Watafiti wakaanza kuuliza maswali, Afrika ikiwa mojawapo ya sehemu zilizotiliwa shaka maana takwimu zilionekana nyingi na za kina kuliko hospitali zetu zinavyoweza kurekodi, na waandishi wengine wa pepa walipotaka data ikaguliwe na watu huru, kampuni ikakataa kuitoa. Tarehe 4 Juni pepa ikaondolewa, na siku hiyo hiyo jarida la New England Journal of Medicine likaondoa pepa nyingine iliyotegemea data ya kampuni ile ile. Walioweka majina walikuwa madaktari wakubwa wenye sifa za kweli, wakaomba radhi hadharani, lakini wengi wao hawakuwa wameiona data ghafi.

Ndo nataka umueleze mkuu wa idara kwa heshima: kuweka jina ni kukubali kuulizwa. Kesho mhariri akimpigia simu, ulipimaje uvaaji wa helmeti, atajibu nini? Sisi wahariri tunaandika kwa waandishi wote pepa inapoingia, siyo yule aliyetuma tu, na nimeshapata majibu ya mtu anasema hii pepa ndo naisikia kwako. Pepa ile inasimama palepale, alafu aliyetuma ndo anaonekana mdanganyifu wakati hilo jina lililazimishwa na mwingine. Ndo inaniuma, mzigo unabebwa na mdogo.

Jinsi ya kuongea na supavaiza: usiende na mambo ya "ICMJE inasema" mlangoni, utaonekana umekuja kushitaki. Mwandikie kwanza imeli ya shukrani, alafu mwambie jarida linataka tujaze nani amefanya nini, naomba tujaze pamoja. Na ni kweli majarida mengi sasa yanataka hivyo. Weka jedwali: nani alibuni wazo, nani alikwenda steji, nani aliingiza data, nani alichambua, nani aliandika rasimu ya kwanza, nani alihariri, nani alisimamia. Jina la mkuu wa idara likifika kwenye jedwali hilo nafasi zote zinabaki tupu na hakuna aliyelazimika kusema neno gumu. Umpe pia mkuu njia ya haki, kama anataka kweli kuwa mwandishi aisome pepa, achangie kwenye uchambuzi ambao bado unarekebishwa, aiidhinishe. Asipotaka, shukrani. Lakini ujue orodha ya majina ikibadilika baada ya pepa kutumwa, mhariri atadai maandishi ya kila mwandishi kwamba ameridhia, kwa iyo mmalize kabla hamjajibu maoni ya wapitiaji.

Na kama supavaiza atakataa kabisa? Hapo sitakudanganya kwamba jarida litakuokoa. Mhariri hana uwezo wa kuamua nani alifanya nini ndani ya chuo chenu, COPE wenyewe wanashauri ugomvi wa majina urudishwe chuoni. Unakwenda kwenye ofisi ya masomo ya juu ukiwa na rasimu zako zenye tarehe, imeli, daftari la kukusanyia data. Ni njia yenye gharama na wewe ndo unajua hali yako ya kazi ikoje, sitakulaumu ukikubali nafasi ya pili kwenye pepa uliyoiandika mwenyewe. Ila jina la mtu ambaye hajagusa kazi usilipokee, kwa sababu hapo unasaini kitu ambacho si kweli, na saini ni yako.

Kuna watu ambao hukuwataja kwenye swali na mimi nawafikiria sana, hao madereva. Pepa lazima itaje namba ya kibali cha kamati ya maadili ya utafiti na usajili wa UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia, kama ulihitajika, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji, si kibali cha maadili, nimeona watu wanaiweka kama mbadala, siyo. Alafu soma tena matokeo yako ukijiweka kwenye nafasi ya polisi. Umeandika steji fulani, umri fulani, na kwamba wengi hapo walikiri hawana leseni? Kama steji ina watu kumi na wawili umeshawataja kwa majina bila kuandika majina. Ondoa jina la steji, unganisha steji ndogo ndogo ziwe eneo moja. Jarida likitaka uweke data wazi, toa namba za simu, namba za pikipiki, kila kinachomtambulisha mtu, hiyo pia ni Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 hapa kwetu. Walikubali kuongea kwa sababu uliwaahidi siri, na wao hawatakuwepo kwenye kikao chochote cha wahariri kujitetea.

ChatGPT kunyoosha Kiingereza si dhambi. Sema tu kwenye pepa kwamba uliitumia na kwa kazi gani, fuata maelekezo ya jarida husika. Haiwezi kuwa mwandishi, COPE walilisema hilo 2023, kwa sababu haiwezi kuulizwa ikajibu. Ila kagua kila rejea mojamoja, fungua linki uione hiyo makala ipo, maana programu hizi zinatunga makala zisizokuwepo na kuzipa majina mazuri kabisa, na mhariri akikuta rejea mbili za hewa anaanza kushuku hata data yako. Kagua pia kama haijabadilisha maana. "Walisema wanavaa" ikigeuzwa "walivaa" pepa nzima imepinda.

Umeuliza pia makosa ya majarida. Ya kwako ni kutuma mara mbili, ya supavaiza ni kulazimisha jina, ya jarida la pili ni kuuza jina la mapitio bila mapitio. Jarida la kweli linakudai ukweli lakini na wewe unalidai: pepa ipitiwe na watu wasio na ugomvi au maslahi na wewe, isivujishwe kabla haijatoka, ikikataliwa upewe sababu, ada iandikwe wazi kabla hujatuma. Na makosa yakigundulika baadaye warekebishe au waifute wazi bila kuficha. Ukiona umeonewa unaandika kwa mhariri mkuu kwanza, wakikupuuza na ni wanachama wa COPE ndo unapeleka malalamiko huko, ukiruka hatua ya kwanza watakurudisha.

La mwisho ni kuhusu ile imeli ya kuondoa pepa. Wanaweza kukujibu kwamba ulipe ada ya kuondoa. Usilipe nayo, mimi sijaona jarida la maana linalomtoza mtu kwa kuondoa pepa ambayo haijatoka. Wakiichapisha hata hivyo bila ruhusa yako, mwandikie mhariri wa jarida la kwanza siku hiyo hiyo umweleze yote, pamoja na kwamba ulituma sehemu mbili, uambatanishe imeli yako yenye tarehe. Usisubiri aigundue mwenyewe kwenye programu ya kukagua kufanana kwa maandishi. Mimi nimewahi kuendelea na pepa ya namna hiyo baada ya kuona ushahidi, na wahariri wengine ninaowajua wamefanya hivyo hivyo.